Likizo ya Milima, Mito na Bahari Kisiwani Dominica: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa msomaji wa Kiswahili, awe Dar es Salaam, Nairobi, London au Toronto, anayefikiria kwenda Karibea kutembea, kupanda, kuogelea na kupiga mbizi. Tumechagua kisiwa kimoja tu, Dominica, kwa sababu hatujui kingine katika bahari ile chenye mambo mengi ya kufanya kwa miguu na mikono yako mwenyewe katika eneo dogo hivyo.

Dominica ndiyo Jamhuri ya Dominika?

Hapana. Ni nchi mbili tofauti, zenye bahari na visiwa kadhaa kati yake. Dominica iko Karibea mashariki, Guadeloupe ikiwa kaskazini yake na Martinique kusini. Ilipata uhuru kutoka Uingereza tarehe 3 Novemba 1978, mji mkuu ni Roseau, na watu wake ni kama 70,000. Lugha rasmi ni Kiingereza, lakini mitaani na shambani utasikia Krioli yenye asili ya Kifaransa. Ukinunua tiketi, hakikisha kifupi cha uwanja ni DOM, yaani Douglas-Charles. Ukiona SDQ, hiyo ni Santo Domingo, na umepotea.

Kuna fukwe za mchanga mweupe?

Chache sana. Mchanga mwingi ni mweusi au wa kijivu, wa volkano, na sehemu kubwa ya pwani ni mawe na majabali. Kama unachotaka ni kujinyoosha ufukweni wiki nzima, baki Nungwi au Diani, utaokoa nauli. Dominica ina kilomita za mraba 751 tu, haifiki nusu ya Unguja, lakini mlima wake mrefu zaidi, Morne Diablotins, una mita 1,447. Volkano zinazohesabiwa kuwa hai ni tisa. Mawingu ya Atlantiki yanajigonga kwenye milima hiyo na kumwaga mvua karibu mwaka mzima, kwa hiyo kuna mito, maporomoko na misitu kila upande. Mbuga ya Morne Trois Pitons iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997.

Boiling Lake ni nini hasa, na je, naweza kufika?

Ni tundu la volkano la kutolea mvuke ambalo limejaa maji. Mvua na vijito vinashuka bondeni, na mvuke na gesi kutoka kwenye mwamba wa moto ulio chini vinapanda na kuyachemsha. Upana wake ni kama mita 60. Pembezoni joto limepimwa kati ya nyuzi 82 na 92 za Selsiasi; katikati maji yanatokota muda wote. Kina chake hakitulii: mwishoni mwa 2004 ziwa lilikauka karibu lote, na mwaka uliofuata likajaa tena. Hakuna anayeoga humo, na kingo zake ni za udongo unaoteleza, kwa hiyo usisogee hata kwa ajili ya picha.

Kufika ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, takriban kilomita 13, saa sita hadi nane kutegemea miguu na mvua. Unaanzia Titou Gorge, karibu na kijiji cha Laudat. Saa ya kwanza ni msitu wenye kivuli na ngazi za magogo, hadi mto unaoitwa Breakfast River. Hapo ndipo watu hula kitu na kujaza chupa. Baada ya hapo unapanda hadi Morne Nicholls, kwenye ukingo mwembamba wenye upepo, na siku ikiwa safi unaona bahari na mvuke wa ziwa kwa mbali.

Kisha unateremka Valley of Desolation, na hapo mambo yanabadilika kabisa. Msitu unaisha ghafla. Ardhi ni ya njano, kahawia na nyeupe ya chokaa, haina mti. Kijito kimoja ni cheusi, cha pili kijivu kama maji ya majivu, na hatua mbili mbele kuna kingine chenye ukungu wa moto. Harufu ni ya yai lililooza. Mvuke unafoka kwenye nyufa kwa sauti ya sufuria ya shinikizo, na pete ya fedha uliyoisahau kidoleni inaanza kuwa nyeusi kwa ajili ya salfa. Mwongozaji anakanyaga jiwe, anakuonyesha ulifuate hilo hilo, kwa sababu kuna mahali ambapo tabaka la juu ni jembamba na chini yake ni tope la moto. Baadhi yao hubeba mayai na kuyachemsha kwenye chemchemi wakati mnapumzika.

Ukifika ziwani unaweza usione kitu kwa ukungu. Subiri. Upepo ukigeuka, pazia linafunguka kwa dakika chache na maji ya kijivu-samawati yanaonekana yakiumuka katikati. Watu wengi huondoka mapema mno.

Aliyewahi kupanda kutoka lango la Marangu hadi Mandara na kushuka siku hiyo hiyo ana picha ya urefu wa siku hii. Tofauti ni tope, na kwamba mlima ulioshuka asubuhi unaupanda tena wakati wa kurudi, magoti yakiwa yamechoka.

Lazima nichukue mwongozaji?

Kwa Boiling Lake, ndiyo, bila mjadala. Njia inapotea bondeni mvua ikinyesha au ukungu ukishuka, na udongo wenyewe hubadilika. Kwa Morne Diablotins pia ningesisitiza. Kwa maporomoko yaliyo karibu na barabara, kama Trafalgar na Emerald Pool, unaweza kwenda mwenyewe. Uliza mwongozaji wako kama ana leseni ya serikali, na mlipe vizuri: hawa ni watu wa vijiji kama Laudat, na wengi wao ndio waliofyeka na kufungua njia upya kwa mapanga baada ya kimbunga Maria cha mwaka 2017.

Njia ndefu ya Waitukubuli inafaa kwa mtu wa kawaida?

Kwa vipande, ndiyo. Waitukubuli National Trail ina kilomita 185 na imegawanywa vipande 14, kuanzia Scotts Head kusini kabisa hadi Cabrits kaskazini, ilipo ngome ya zamani ya Waingereza, Fort Shirley. Ilifunguliwa rasmi mwaka 2011. Kuimaliza yote huchukua wastani wa wiki mbili. Vipande vingi vinaanzia na kuishia kijijini, kwa hiyo unaweza kulala nyumba ya wageni badala ya hema, ukala magimbi, ndizi za kuchemsha na samaki kwa mwenyeji wako.

Kwa anayeanza, kipande cha 5, kutoka Pont Cassé hadi Castle Bruce, kinapita Emerald Pool. Kipande cha 6, Castle Bruce hadi Hatton Garden, kinapita katika eneo la Wakalinago na bahari iko upande wa kulia karibu njia nzima. Vipande vya milimani kaskazini waachie wenye uzoefu. Kabla ya kuanza, uliza ofisi ya misitu kipande gani kiko wazi: maporomoko ya udongo hufunga njia mara kwa mara.

Kuna ukweli gani kuhusu kushuka makorongo kwa kamba?

Ni ukweli mtupu, na pengine ndilo jambo la kusisimua kuliko yote hapa. Makorongo mengi ya Dominica ni membamba na marefu, kuta zimesimama wima pande zote mbili, na chini kuna mabwawa na maporomoko yanayofuatana. Titou Gorge yenyewe ni ufa uliobaki lava ilipopoa na kupasuka. Unavaa vazi la mpira la kuzuia baridi, helmeti na mkanda wa kamba, unafundishwa kwanza mahali pakavu, kisha unashushwa pembeni mwa maporomoko, unaruka bwawani, unaogelea hadi kamba inayofuata. Huhitaji uzoefu, lakini lazima ujue kuogelea na usiogope maji ya baridi.

Jambo la kuheshimu ni mafuriko ya ghafla. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku wewe uliko kuna jua, na ndani ya korongo hakuna pa kukimbilia. Mwongozaji akitazama mawingu na kuahirisha safari, usibishane naye wala usitafute mwingine atakayekubali. Ukiwa mtoni popote kisiwani na ukaona maji yanabadilika rangi kuwa kahawia au majani mengi yanaanza kuelea, toka mara moja.

Mama yangu ana miaka 68 na watoto ni wadogo. Wafanye nini?

Mengi tu. Maporomoko mawili ya Trafalgar, moja wanaliita Baba na jingine Mama, yanaonekana kutoka jukwaa lililo dakika 10 hadi 15 kwa mguu. Emerald Pool ina njia fupi na bwawa la kuogelea. Kijiji cha Wotten Waven kina mabwawa ya maji ya moto ya salfa, na kwa mzee mwenye magoti mazito jioni moja pale inatosha kuifanya safari iwe na maana. Huko Portsmouth, mji wa kaskazini, kwenye Indian River, watu wa boti hupiga makasia tu, injini haziruhusiwi, na mnapita kimya chini ya miti ambayo mizizi yake imesimama juu ya maji kama kuta zilizopinda.

Angalia ratiba ya meli kubwa za kitalii. Meli ikiwa imetia nanga Roseau, Trafalgar na Titou Gorge hujaa kuanzia asubuhi hadi alasiri. Siku hiyo nendeni kaskazini.

Baharini kuna nini?

Champagne Reef, kusini mwa Roseau, ni mahali ambapo gesi ya volkano inatoka kwenye nyufa za chini ya bahari na kupanda kama mapovu ya soda, katikati ya miamba ya matumbawe. Unahitaji miwani na bomba la kupumulia tu. Kina ni kifupi. Weka kiganja juu ya ufa na utahisi uvuguvugu. Kwa wapiga mbizi, hifadhi ya bahari ya Soufriere na Scotts Head iko kwenye ukingo wa kreta iliyozama, ukuta unashuka wima gizani ndani ya umbali mfupi kutoka pwani. Upande huu wa magharibi maji ni matulivu. Upande wa mashariki ni Atlantiki, mawimbi makali na mikondo. Usiogelee huko bila kuuliza wenyeji.

Nasikia kuna nyangumi. Wanaonekana kweli?

Ndiyo, na si wapita njia. Ni nyangumi wenye meno na kichwa kikubwa cha mraba, Physeter macrocephalus, na familia za majike na watoto wao huishi katika maji haya mwaka mzima, kwa sababu bahari inakuwa na kina kirefu karibu sana na nchi kavu. Watafiti wamewafuatilia tangu 2005 na wanawatambua mmoja mmoja kwa alama za mkia. Nahodha hushusha maikrofoni majini, anasikiliza milio yao ya kugonga-gonga, anajua waelekee wapi. Nyangumi huzama kama dakika 45, hivyo uvumilivu unahitajika. Novemba hadi Machi ndio msimu wanaopendelea waendesha boti.

Mwaka 2023 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari yenye karibu kilomita za mraba 800 kwa ajili yao, ya kwanza ya aina hiyo duniani. Kuingia majini pamoja nao kunahitaji kibali maalumu cha serikali. Mtu akikuambia kwa siri kwamba anaweza kukuogelesha bila kibali, mkatae. Kuwatazama kutoka botini kunatosha, na kunawaacha walale na kunyonyesha kwa amani.

Tunaweza kuwatembelea Wakalinago?

Ndiyo, na nenda kwa adabu ya mgeni, maana ni makazi ya watu. Wakalinago ndio wenyeji wa asili wa visiwa hivi, na eneo lao la mashariki, ekari 3,700, lilitengwa rasmi mwaka 1903. Watu kama 3,000 wanaishi humo. Sylvanie Burton, aliyechaguliwa rais wa Dominica mwaka 2023, anatoka katika jamii hii.

Omba uonyeshwe mkate wa muhogo unavyotengenezwa. Muhogo mchungu unaparuzwa, unakamuliwa mpaka maji yake yenye sumu yaishe, unga unachekechwa na kutandazwa juu ya bamba pana la chuma lenye moto wa kuni chini. Hauongezwi mafuta, chenga zenyewe zinashikana. Unakunjwa na kugeuzwa, unaliwa moto. Mihogo ya Tanga na Mtwara chimbuko lake ni bara la Amerika. Wareno waliuleta Afrika kuanzia karne ya 16, na hapa unauona ukiwa kwa waliouzoea tangu zamani kuliko sisi. Mafundi wa mitumbwi nao bado wapo. Wanachonga mti wa gommier msituni, kisha wanaujaza maji na mawe na kutumia moto ili mbao zilegee na kutanuka. Fundi wa Lamu au Kilwa angekaa pale kutwa nzima akiuliza maswali.

Kuna historia ya Waafrika tunayoweza kuifuata kwa miguu?

Ipo, na ningependa kila Mwafrika anayefika aifuate. Watumwa waliotoroka mashamba ya miwa na kahawa walipanda milimani na kujenga kambi zao, kama watoro wa Fuladoyo na Witu katika pwani ya Kenya walivyofanya baadaye. Mmoja wa viongozi wao, Jacko, aliishi msituni kwa miongo kadhaa na akauawa na askari mwaka 1814, miaka 20 kabla ya sheria ya kukomesha utumwa kuanza kutumika katika makoloni ya Uingereza. Jacko Steps, juu ya mto Layou, ni ngazi zilizochongwa kwa mkono kwenye ukuta wa mwamba kuelekea kambi yake. Hatua zake ni ndefu kupita kawaida. Askari mwenye buti na bunduki alilazimika kupanda polepole, mmoja mmoja, akionekana kutoka juu. Unapozipanda unalazimika kutumia mikono, na hapo unaelewa kwa mwili wako kwa nini kambi ilidumu. Njia inavuka mto, kwa hiyo nenda na mwongozaji na siku isiyo na mvua.

Niende mwezi gani?

Februari hadi Mei ni kukavu zaidi, ingawa milimani mvua haikosekani. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, hatari ikiwa kubwa Agosti na Septemba. Kimbunga Maria kilipiga usiku wa tarehe 18 Septemba 2017 kikiwa daraja la 5, kikaua makumi ya watu na kuharibu sehemu kubwa ya nyumba kisiwani. Ukienda miezi hiyo, nunua bima inayotaja vimbunga kwa jina. Mwishoni mwa Oktoba kuna tamasha kubwa la muziki wa Krioli na vyumba vya Roseau hujaa.

Nyoka, mbu na magonjwa?

Hakuna nyoka wa sumu; boa wa kisiwani, nyoka anayefanana na chatu, hukimbia watu. Malaria haipo, dengi ipo, kwa hiyo paka dawa ya mbu mchana pia. Ukitokea Afrika Mashariki, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Viza na njia ya kufika?

Sheria inategemea pasipoti yako, kwa hiyo thibitisha na ubalozi au shirika la ndege kabla ya kulipa chochote. Kinachowakwamisha wengi ni viza za njiani. Kuna ndege za moja kwa moja kutoka Miami, lakini Marekani inadai viza hata kama unabadilisha ndege tu. Guadeloupe na Martinique zina feri nzuri ya kuja Dominica, ila ni maeneo ya Ufaransa, na viza ya kawaida ya Schengen haikuruhusu kuingia huko isipokuwa imeandikwa hivyo. Kwa wengi wenye pasipoti za Afrika Mashariki, kupita Barbados au Antigua ndiyo njia yenye vikwazo vichache.

Fedha, usafiri na umeme?

Wanatumia dola ya Karibea Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, kiwango kisichobadilika tangu 1976. Beba taslimu vijijini. Daladala zao ni mabasi madogo yenye namba zinazoanza na H. Ni nafuu, lakini Jumapili karibu hayapo. Magari huendeshwa kushoto kama kwetu, barabara ni nyembamba na kona ni kali, na kutoka uwanja wa ndege hadi Roseau ni zaidi ya saa moja. Plagi ni zile zile za pini tatu bapa za Tanzania na Kenya. Saa ziko nyuma yetu kwa saba.

Nibebe nini?

Viatu vyenye meno ambavyo umeshavivaa, si vipya. Vingine vya kulowa mtoni. Koti jepesi la mvua, mfuko usiopitisha maji kwa simu na pasipoti, nguo kavu za kubadilisha, tochi ya kichwani, maji lita mbili kwa siku ya Boiling Lake. Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi ziache nyumbani. Ni marufuku kwa raia, watoto wakiwemo.

Nipangeje siku zangu?

Milima kwanza, mbizi baadaye. Sababu ni ya kitabibu: mtu aliyepiga mbizi kwa mtungi ana naitrojeni mwilini, na kupanda juu haraka, iwe kwa ndege au kwa njia ya Boiling Lake inayozidi mita 900, kunaweza kumletea ugonjwa wa mgandamizo, yaani naitrojeni hiyo kugeuka mapovu ndani ya mwili. Ukipiga mbizi siku kadhaa mfululizo, acha angalau saa 18 kabla ya kuruka. Kwa wiki moja, ningeanza na Trafalgar na Wotten Waven ili miguu izoee, siku ya tatu Boiling Lake, ya nne kupumzika kwa Wakalinago, ya tano Jacko Steps au korongo, ya sita asubuhi Champagne Reef na mbizi, ya saba botini kutazama nyangumi, na ndege siku ya nane. Acha siku ya Boiling Lake iweze kusogezwa mbele, kwa sababu mvua ndiyo itakayoamua.